Tamasha Halina Faida, Mtaa Una Faida: Hela ya Sanaa Zanzibar Inavyotembea

Februari 2016 Sauti za Busara, tamasha la muziki la Mji Mkongwe, Zanzibar, haikufanyika. Tamasha lililokuwa likifanyika kila mwaka tangu 2004 likaruka mwaka mzima kwa sababu moja tu, hela ya kuliendesha haikupatikana, na waandaaji wake, Busara Promotions, wakatangaza mapema kabisa kwamba safari hii hakuna. Likarudi 2017. Mimi kazi yangu ni kupima mchango wa kiuchumi wa taasisi za sanaa na utamaduni, yaani nafuatilia shilingi inaingilia wapi na inatokea wapi, na kwangu ule mwaka mmoja ambao halikuwepo unafundisha kuliko miaka yote ambayo Ngome Kongwe, ngome ya zamani lilipozoea kufanyika, ilijaa hadi mlangoni. Manake ukiuliza hasara ya tamasha kutofanyika inamwangukia nani, hutaikuta kwenye vitabu vya muandaaji. Yeye hana tamasha basi hana gharama, kwenye karatasi amepumzika. Hasara inakaa kwa mwenye gesti Malindi, kwa muuza urojo Forodhani, kwa dereva wa teksi anayengoja bandarini, kwa fundi cherehani, kwa kijana wa saundi ambaye wiki ile ndo ilikuwa inamlipia kodi ya nyumba miezi miwili.

Hilo ndo jambo ninalotaka tulielewe vizuri leo. Taasisi ya sanaa isiyo ya kibiashara inatengeneza hela, tena nyingi, ila haikai kwake. Inakaa kwa watu ambao hawajawahi kuichangia hata mia, na wengi wao wala hawajui kwamba hela yao ya Februari inatokana na ofisi moja ndogo yenye wafanyakazi wachache wanaoandika maombi ya ufadhili mpaka saa sita usiku.

Kwanza tukubaliane tunaongelea nani. Sio promota anayeleta msanii uwanjani akauza tiketi akaondoka na chake. Naongelea taasisi ambazo kikibaki kitu mwisho wa mwaka hakigawanywi kwa wenye hisa, kinarudi kwenye kazi. Unguja tunazo tatu ambazo kila mdau anazijua. Kuna Busara Promotions wenye Sauti za Busara. Kuna ZIFF, tamasha la filamu la nchi za jahazi, yaani za ukanda wa Bahari ya Hindi, lililoanza 1998. Na kuna Dhow Countries Music Academy, wengi tunaiita DCMA, chuo cha muziki kilichoanza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwenye jengo la forodha ya zamani pale Mizingani, kinachofundisha udi, kanuni (ile ala ya nyuzi), fidla, ngoma, taarab na kidumbaki. Zote zipo kwenye mji ambao UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia mwaka 2000, na kisiwa kizima kinaishi kwa utalii, mwaka 2024 tumepokea wageni zaidi ya 700,000.

Sasa hela inaanzia wapi? Safu ya kwanza ni matumizi ya taasisi yenyewe. Watu wakisikia bajeti ya tamasha wanafikiri yote ni malipo ya wasanii, wakati ukiifungua ile bajeti mstari kwa mstari unakuta jukwaa, taa, saundi, jenereta na mafuta yake, tiketi za ndege na za boti, vyumba vya wasanii na mafundi, chakula cha mchana na usiku, walinzi, watu wa usafi, vibali, mabango, fulana za wafanyakazi wa kujitolea, vocha za simu, maji ya kunywa katoni kwa katoni. Siku ya kupakua mzigo pale Ngome Kongwe ukisimama pembeni utaona: mlango wa ngome ni wa zamani na vichochoro vya nyuma havipitishi gari kubwa, kwahiyo maspika na vyuma vya jukwaa kwa sehemu kubwa vinaingia kwa mabega na mikokoteni, na kila bega lina bei yake, na jioni wale vijana wote wanakula palepale kwa mama lishe wa karibu kwa daftari, tamasha litalipa. Hela imeshaanza kutembea na hakuna hata wimbo mmoja ulioimbwa.

Safu ya pili ndo nono zaidi, matumizi ya watazamaji nje ya tiketi. Hapa wenzetu Marekani wamepima kwa muda mrefu. Shirika la Americans for the Arts hufanya utafiti mkubwa kila baada ya miaka kadhaa, na ule wa mwaka 2022 ulionyesha taasisi za sanaa na utamaduni zisizo za faida pamoja na watazamaji wake waliingiza matumizi ya dola bilioni 151.7, na zikabeba ajira milioni 2.6. Kwenye hizo bilioni, 73.3 zilitumiwa na taasisi zenyewe na 78.4 zilitumiwa na watazamaji, yaani watazamaji wamewapita waandaaji. Mtazamaji mmoja kwa wastani alitumia dola 38.46 kwa onyesho moja, bila kuhesabu kiingilio: chakula, usafiri, zawadi, malazi, hata kumlipa wa kumuangalia mtoto. Anayetoka nje ya eneo alitumia kama dola 60, mwenyeji kama 30.

Naomba tu mtu asichukue hizo 38.46 akazidisha na idadi ya watu Forodhani halafu akapeleka wizarani. Nimeshaona ripoti za namna hiyo na zinatuharibia kazi wote, manake afisa wa bajeti akigundua namba moja ya kuokoteza anaitupa ripoti nzima na hiyo taasisi haisikilizwi tena. Mfumo wa maisha ni tofauti, bei ni tofauti, na kikubwa kabisa, namna ya kusafiri ni tofauti.

Nitoe mfano wa kweli wa jinsi dodoso la kuiga linavyokosea. Usiku mmoja wakati watu wanatoka ngomeni nilikuwa na vijana wangu wa kuuliza maswali, tumesimama upande wa Forodhani kwenye mwanga, nikamuamkia bi mkubwa mmoja aliyetoka Tanga na wajukuu wawili. Shikamoo, marahaba, nikamuuliza umelala hoteli gani. Akanitazama. "Mwanangu, hoteli ya nini na mdogo wangu yupo Kikwajuni?" Kwa fomu ya kizungu huyu ameandikwa malazi sifuri, tunasonga. Nikamuuliza sasa bi mkubwa, kwa mdogo wako ulifika mikono mitupu? Akacheka, akaanza kutaja: machungwa na mahindi mabichi kutoka kwao, doti mbili za kanga alizonunua Darajani aliposhuka boti, mchele, na hela kidogo aliyompa mdogo wake mkononi ya kuendeshea nyumba siku zile. Na yule mdogo wake naye kwa kupata wageni amenunua samaki wa maana, amenunua nazi, amelipa umeme mapema usije ukakatika na wageni ndani. Hayo yote ni matumizi yaliyoletwa na tamasha, yamepita nyumba ya Kikwajuni badala ya kupita mapokezi ya hoteli. Tangu hapo kwenye dodoso zangu swali la malazi lina mstari wake wa nyumba ya ndugu, na chini yake nauliza ulibeba nini na mwenyeji wako amekuandalia nini. Wageni wetu wa ndani wengi wanakuja hivi, tukiwaacha tunahesabu Wazungu peke yao halafu tunasema tamasha ni la Wazungu.

Baada ya hapo linakuja swali gumu, na hapa ndo mtaalamu wa kweli anajulikana. Je, hela hii isingetumika kama tamasha lisingekuwepo? Kijana wa Michenzani aliyelipa kiingilio akanunua mishkaki na soda, inawezekana kabisa usiku ule angeitumia hela hiyohiyo kwenye kibanda cha mpira. Kwa uchumi wa Unguja hakuna kilichoongezeka, imehama mfuko tu. Yeye umuhimu wake kwenye tamasha ni mkubwa mno, na nitaurudia, lakini siwezi kumuweka kwenye safu ya hela mpya. Hela mpya ni ya aliyevuka maji kwa ajili ya tamasha. Ule utafiti wa Marekani uliwauliza waliotoka nje ya eneo na asilimia 77 walisema sababu kuu ya safari yao ni onyesho lenyewe, na hiyo ndo namba ambayo mi naitafuta kwanza kwenye ripoti yoyote kabla sijatazama mabilioni.

Kwa Zanzibar swali hili lina makali yake. Februari ni kaskazi, hali ya hewa nzuri, wageni wapo tu, Nungwi na Paje kumejaa hata bila ngoma. Kwahiyo ukisema kila mtalii aliyeonekana ngomeni ameletwa na tamasha, unadanganya. Ila ukichimba unakuta kitu kingine ambacho hakisemwi vya kutosha: mtalii wa ufukweni kwa kawaida anautembelea Mji Mkongwe mara moja, anapiga picha milango, analala usiku mmoja au halali kabisa, anarudi kwenye hoteli yake ambako ameshalipia kila kitu huko kwao kabla ya kupanda ndege. Tamasha la siku tatu nne linamvuta mjini na kumlaza mjini. Na kulala mjini ndo habari yenyewe, manake hela ya kifurushi cha ufukweni kwa sehemu kubwa haijawahi hata kutua Zanzibar, wakati akilala gesti ya mji, akala Forodhani, akanunua kikoi dukani, akapanda teksi ya mtu wa Mwembeladu, hiyo imeingia mkononi mwa watu na inalala hapa.

Inalala kiasi gani inategemea inavyovuja. Tufanye hesabu ya mfano, namba ni za kufundishia tu. Mgeni anatumia shilingi 100,000. Kama katika kila mkono inaopita asilimia 40 inatumika tena hapahapa kisiwani, mkono wa pili unapata 40,000, wa tatu 16,000, wa nne 6,400, inaendelea kupungua hivyo, ukijumlisha yote ile laki moja imefanya kazi ya kama 167,000. Sasa kama kila mkono asilimia 20 tu ndo inabaki kwa sababu mayai yanatoka nje, nyanya zinatoka nje, maspika yamekodiwa nje, mwenye hoteli yupo nje, basi laki ileile inafanya kazi ya 125,000. Mgeni ni yuleyule, wimbo ni uleule, tofauti ni manunuzi. Ndo maana nikikaa na waandaaji naulizia jukwaa limetoka wapi na mboga za wasanii zimetoka wapi kabla sijaulizia watu walikuwa wangapi. Kumuondoa muuza mboga wa Mwanakwerekwe kwenye orodha ya manunuzi ukamuweka wakala anayeagiza kila kitu kwa boti kunaweza kupunguza mchango wa tamasha kuliko kupungukiwa watazamaji mia.

Watu wananiuliza, kama mtaa wote unafaidika hivyo kwanini tamasha lenyewe lisipandishe kiingilio likajitegemea? Sababu ya kwanza ni ya makusudi. Sauti za Busara ina bei yake kwa Mtanzania, nafuu mbali na ya mgeni, kwa sababu tamasha la kwetu ambalo mtoto wa Kikwajuni hawezi kuingia halina maana ya kuwepo, na huyu ndo yule kijana niliyesema nitamrudia. Hakuongeza hela mpya, lakini ni yeye anayelifanya lile tamasha liwe la Zanzibar, na ni uwepo wake ndo unamfanya mgeni avuke bahari kuja kusikiliza muziki ambao angeweza kuusikiliza simuni. Ukimfungia nje, umeua na hela ya mgeni.

Sababu ya pili waliieleza wachumi wawili wa Kimarekani, William Baumol na William Bowen, mwaka 1966, na mimi kila nikikaa kwenye mazoezi ya taarab naiona mbele yangu. Kiwandani ukileta mashine, mtu mmoja anafanya kazi ya kumi, gharama inashuka. Kundi la taarab asilia halina njia hiyo. Ikhwani Safaa ilianzishwa 1905, na wimbo unaohitaji wapiga fidla kadhaa, kanuni, udi, akodiani, ngoma na waitikiaji, leo bado unawahitaji walewale na dakika zilezile. Wakati huo mishahara ya kazi nyingine inapanda, nauli zinapanda, mpiga fidla naye ana watoto wa kusomesha. Kwahiyo gharama ya kumweka mwanamuziki mmoja jukwaani inapanda kila mwaka bila yeye kuzembea hata kidogo. Ukimwambia afisa kwamba taasisi hizi zina hasara kwa sababu hazijui biashara, hujaelewa kazi yenyewe ilivyo.

Halafu kuna mchango ambao hauonekani kabisa kwenye dodoso la mlangoni, na kwa maoni yangu ndo mkubwa kuliko wote. DCMA. Chuo hakina usiku mmoja wa kujaza ngome, kina kijana anayekwenda kila siku kupiga skeli zilezile kwenye kanuni mpaka vidole vinaota sugu. Baada ya miaka miwili mitatu huyo kijana yupo kwenye bendi inayopiga hotelini, anafundisha wengine, anarekodi. Siti and the Band, ambao wamepiga nje ya nchi na kuibeba taarab kwa sura mpya, wametokana na chuo hicho. Kila hoteli inayomuweka mpiga udi kwenye chakula cha usiku inavuna mafunzo ambayo haikuyalipia. Na wanafunzi wengi hawamudu ada ya kulingana na gharama halisi, kwahiyo chuo kinaishi kwa wafadhili, na mwaka 2019 kilifika hatua ya kutangaza wazi kwamba kinaweza kufungwa kwa kukosa hela. Hebu fikiria, kisiwa kinachouza utamaduni wake kwa watu laki kadhaa kwa mwaka kinakaribia kufunga mahali utamaduni huo unapofundishwa. Mi hilo linaniuma na silifichi.

Gharama kwa jamii zipo pia na lazima zitolewe kwenye hesabu. Kelele usiku kwa wazee wanaoishi karibu na ngome, taka asubuhi, bei ya vyumba kupanda mpaka Mzanzibari anayekuja hospitali kutoka Pemba anakosa pa kulala. Nikifanya tathmini naandika na hizi, na nikiona ripoti ambayo haina hata gharama moja siisomi zaidi.

Tuje kwenye suluhisho, manake kwa miaka mingi tumeegemea balozi. Ubalozi wa Norway ulikuwa mfadhili mkubwa wa Sauti za Busara kwa muda mrefu, na nawashukuru kwa dhati, lakini ufadhili wa ubalozi una mwisho, na ukifika mwisho hauulizi hoteli za Mji Mkongwe zitafanyaje. Wanaovuna ndo wachangie, na njia ya kuwachangisha kwa haki ipo. San Francisco tangu 1961 sehemu ya kodi ya vyumba vya hoteli inaenda kwa taasisi za sanaa. Denver na wilaya za jirani, wananchi wenyewe walipiga kura mwaka 1988 kukubali kodi ndogo ya mauzo, senti 1 kwenye kila dola 10, ya kuendesha makumbusho, muziki, maigizo na taasisi za sayansi. Sisi tayari tuna mashine ya kukusanya: tangu Oktoba 2024 mgeni kutoka nje analipa bima ya lazima ya dola 44 akiingia Zanzibar. Sisemi bima iguswe. Nasema kama mfumo unaweza kukusanya 44, unaweza kukusanya 45, na ile dola moja kwa idadi ya wageni tulionao inafika kama dola 700,000 kwa mwaka, kwa kazi ambayo leo inategemea barua ya maombi kukubaliwa Ulaya. Upande wa Bara kuna Mfuko wa Utamaduni na Sanaa na mikopo yake, ni hatua nzuri kwa msanii mwenye biashara, ila taasisi ambayo kwa asili haitengenezi faida ukiipa mkopo umeipa deni.

Hoja hii haitapita bila namba safi, na namba hizo tunazo sisi wenyewe kama tutazikusanya. Kwa hiyo wewe unayeendesha tamasha, kikundi cha maigizo, nyumba ya makumbusho, iwe Unguja, Lamu, Bagamoyo au Bujumbura, msimu ujao weka vijana wanne mlangoni wakati wa kutoka, sio wa kuingia, manake anayeingia hajui atatumia nini. Umetoka wapi, umekuja kwa ajili ya hili au ulikuwepo tu, umelala wapi ikiwemo kwa ndugu, mko wangapi na mmetumia kiasi gani leo, na kama lisingekuwepo ungefanya nini. Maswali matano. Risiti zako zote ziandike na mahali muuzaji alipo. Kisha nenda kwa wenye gesti kumi za karibu uwaombe wakuonyeshe vyumba vilivyojaa wiki ya tamasha, wiki moja kabla na wiki moja baada, wengi watakuonyesha daftari ukiwaeleza vizuri, na ukishapata hizo wiki tatu nenda nazo kwenye kikao cha bajeti kabla mafungu ya mwaka unaofuata hayajapangwa.